Utafiti wa Uhandisi Uanzie kwenye Mkokoteni

Jioni moja wakati wa likizo nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Tononoka, pamoja na kijana mmoja niliyepata kumfundisha fizikia katika shule ya upili. Kijana huyo sasa yuko mwaka wake wa mwisho wa uhandisi wa mitambo katika chuo kikuu kimojawapo cha humu nchini. Alikuwa amekuja kunijulia hali, na kunionyesha karatasi aliyopewa katika idara yao. Karatasi hiyo iliorodhesha majina ya wahadhiri, na mbele ya kila jina mambo ambayo mhadhiri huyo hupenda kuyatafiti: mwendo wa hewa na vimiminiko, usafiri wa joto, mitetemo ya mitambo, uimara wa metali, roboti. Kila mwanafunzi alitakiwa achague humo mada ya mradi wake wa mwisho. Yeye alikuwa amechagua namna ya kupoza mapanga ya injini ya ndege.

Kabla hatujamaliza chai yetu, mkokoteni wa maji ulipita njiani ukiwa umebeba mitungi 20. Mzee aliyekuwa akiuongoza alikuwa akiteremka, ameuegemea kwa nyuma, na kwa mguu mmoja akikandamiza kipande cha tairi kuukuu kilichofungwa nyuma ya mkokoteni ili kikwaruze lami. Hiyo ndiyo breki yake. Kipande kile kikakatika. Mkokoteni ukamshinda, gurudumu likampanda mguu, na mitungi ikatawanyika barabarani. Majirani walimkimbiza hospitalini. Mzee yule alikaa nyumbani miezi 2 bila ya kazi, na kwa mtu anayekula kwa jasho la siku, miezi 2 ni muda mrefu mno.

Tuliporudi barazani, nilimwuliza kijana, "Mwanangu, ni nguvu kiasi gani zingetosha kuuzuia mkokoteni ule?" Alitoa kalamu. Mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400 za maji. Tukiukadiria mkokoteni wenyewe kuwa kilo 100, jumla ni kilo 500. Katika mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 20, mzigo huo huvutwa chini kwa nguvu zilizo sawa na uzito wa kilo 25. Msuguano wa magurudumu na ekseli hupunguza kama kilo 10, zikabaki 15, ambazo mtu mwenye afya aweza kuzihimili. Lakini mkokoteni ukishashika kasi ya mita 3 kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayekimbia polepole, kuusimamisha ndani ya mita 5 kwahitaji nguvu zilizo sawa na uzito wa kilo 60 hivi. Huo ni karibu uzito wa mtu mzima. Hapana mzee awezaye kutoa nguvu hizo kwa kisigino kimoja na kipande cha tairi.

Hesabu hiyo ilimchukua nusu saa. Nikamwambia, "Basi kwa nini jambo hili lisiwe ndio mradi wako? Buni breki ya mkokoteni ambayo fundi wa mtaani aweza kuichomelea kwa vyuma vikuukuu." Akaitazama karatasi yake, kisha akasema, "Mwalimu, ni nani atakayenisimamia? Jambo hili halimo humu."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Sitaki msomaji anielewe visivyo. Siidharau elimu ya mapanga ya injini za ndege. Sayansi haina mwenyewe, na kijana wa Mombasa ana haki ya kuisoma kama kijana wa London. Isitoshe, mambo yote yaliyoandikwa katika karatasi ile yana manufaa hapa kwetu. Mwenye kutafiti uimara wa metali aweza kutueleza kwa nini mabati na madirisha ya nyumba zetu huliwa na kutu upesi kuliko ya kule bara. Chumvi inayopeperushwa na upepo wa bahari huvunja ule utando mwembamba unaoikinga metali, na bolti ya chuma kisichoshika kutu inapokazwa katika bamba la alumini, ikapata maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Mafundi wa madau ya injini hapa Mombasa huyaona hayo kila mwaka. Wanayajua kwa macho, ila hawajapata wa kuwaeleza sababu yake. Msomi naye ana sababu, lakini hajafika gerejini kuyaona.

Tatizo, kwa hivyo, ni mahali swali linapoanzia. Katika idara nyingi swali huanzia katika jarida la ng'ambo, likajibiwa kwa ajili ya jarida jingine la ng'ambo. Wahadhiri wenyewe si wa kulaumiwa peke yao. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa hesabu ya makala aliyochapisha, na hapana apandishwaye cheo kwa kuwa mikokoteni 50 ya mtaa fulani sasa ina breki. Fedha nazo ni chache. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ilitaka asilimia 2 ya pato la taifa itengewe utafiti, na lengo hilo hatujalifikia. Mtu asiye na mitambo ya majaribio hukimbilia mada inayoweza kumalizwa kwa kompyuta na karatasi.

Wako watakaosema kwamba tulikwisha kujaribu uhandisi wa nyumbani tukashindwa. Watataja gari la Nyayo. Ni kweli kwamba mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama lingekuwa la mwendo wa pole na lisilo na sura ya kupendeza. Magari machache ya mfano yalizinduliwa mwaka 1990, yakatembea, lakini hayakupata kuundwa kwa wingi ili yauzwe. Mimi naona funzo la kisa hicho ni jingine. Wahandisi wetu walithibitisha kwamba wana uwezo. Kilichokosekana ni viwanda vya vipuri, mtaji na soko. Mradi ule ulitoka juu kwa amri, wala haukuzaliwa na haja iliyokuwa ikimsumbua fundi au mnunuzi wa kawaida.

Hebu tulinganishe na jiko la makaa lenye kauri ndani, ambalo leo limo katika jikoni nyingi za miji yetu. Lilibuniwa nchini mapema katika miaka ya 1980 kwa kuigwa jiko la Thailand, kisha likabadilishwa lifae sufuria zetu na upishi wetu. Mafundi wa mabati waliojua kukata na kukunja walishirikishwa, na umbo lake likarekebishwa kufuatana na walivyoweza kulitengeneza kwa nyundo na mkasi. Udongo uliochomwa huzuia joto lisipotee ubavuni, kwa hivyo makaa hupungua kwa theluthi moja au zaidi. Nani atasema hiyo si elimu ya usafiri wa joto? Ni elimu ile ile ya mapanga ya ndege, isipokuwa imekuja kukaa chini ya sufuria ya ugali.

Sisi wa Mombasa tuna sababu zaidi ya kulifikiri jambo hili. Mwendo mfupi kutoka Tononoka, pale Tudor, kipo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Chuo hicho kilizaliwa kikiwa taasisi ya elimu ya Waislamu, ambayo wazo lake lilitolewa mwaka 1948, na Aga Khan na Sultani wa Zanzibar ni miongoni mwa waliochangia ujenzi wake. Nia ilikuwa kuwapa vijana wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Mwaka 1966 ikawa taasisi ya ufundi ya watu wote, mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 ikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Kupanda daraja huko ni fahari yetu. Lakini popote pale polytechnic inapogeuka chuo kikuu, ipo hatari kwamba mkono uliozoea kushika tupa utaanza kuona haya kuishika.

Nina mapendekezo matatu. La kwanza, kila idara ya uhandisi iwe na orodha ya pili ubavuni mwa ile ya wahadhiri: orodha ya maswali yaliyokusanywa gerejini, bandarini, mashambani na kwa wasukuma mikokoteni, na kila mwaka baadhi ya miradi ya wanafunzi itoke humo. La pili, chombo kilichobuniwa chuoni kikaonekana kinatumiwa na watu kihesabiwe katika kupandishana vyeo, kama yanavyohesabiwa makala. La tatu, kila mhadhiri aeleze utafiti wake kwa Kiswahili, aya moja tu, ambayo fundi aweza kuisoma akaielewa. Fundi tayari ana maneno yake: ekseli, beringi, spana, breki. Aliye na elimu ya kweli hatashindwa kuyatumia.

Nasi walimu wa shule tusijitoe lawamani. Kwa miaka mingi nimefundisha mteremko kwa kuchora kisanduku kinachoteleza juu ya ubao, hali mkokoteni ulikuwa ukipita nje ya dirisha la darasa langu. Sikuwahi hata mara moja kuwatoa wanafunzi nje wakaupime.

Kijana wangu amerudi chuoni na hesabu yake mfukoni. Aliahidi kumwendea mhadhiri anayetafiti mitetemo, amwombe amsimamie. Sijui atajibiwa nini. Mzee wa maji naye amerejea kazini, na amefunga kipande kingine cha tairi nyuma ya mkokoteni wake. Wahenga walinena: ukitaka cha mvunguni, sharti uiname. Wasomi wetu wana akili ya kutosha kukitoa kilichomo mvunguni. Tunawaomba wainame.