TAMKO LA TAWI: MAJINA YA VINYOZI HAYAKATWI



Kikao kilichopita ilitolewa hoja kwamba vijana wanaotaka kusomea unyozi waondolewe kwenye orodha ya tawi, ati kunyoa si fani, waende bodaboda. Tunaipinga hoja hiyo mchana kweupe.

Wanaosema kinyozi hahitaji chuo ndio hao hao wanaompelekea vichwa vyao na vya watoto wao kila wikiendi. Mapunye yanatoka wapi? Mashine moja, kitambaa kimoja, vichwa ishirini. Virusi vya homa ya ini B hukaa hai siku 7 na zaidi kwenye chuma kikavu, na pamba ya spiriti iliyokwishafuta wateja watatu haisafishi kitu. Hayo hufundishwa, mtu hazaliwi nayo.

Tuje kwenye hesabu, maana wengine mnapenda tarakimu. Tuchukue vichwa 12 kwa siku, kila kimoja 1,500. Kwa siku 26 ni 468,000. Toa pango 60,000, umeme 30,000, nyembe, spiriti na aftasheivu 50,000. Inabaki 328,000. Kijana asiyeandika daftari ataila yote na mtaji juu, ndiyo maana tunataka afundishwe na hesabu. Pesa ya pamba huja kwa msimu, tena bei hatupangi sisi. Nywele huota mwaka mzima.

Sheria iliyounda VETA ni ya 1994. Haikubagua fundi wa nguzo na fundi wa kichwa. Ususi na urembo ni fani humo. Na anayenyoa tayari pale Somanda bila cheti haambiwi aanze upya: VETA hupima ujuzi alioupata kazini na kumpa cheti.

Kuhusu mtaji, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ipo kisheria: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, bila riba. Ilisitishwa 2023, ikarudi mwaka wa fedha 2024/25. Hakuna kifungu kinachosema bodaboda tu. Anayekijua akilete kikaoni, tukisome wote.

Orodha inabaki kama ilivyo. Mabalozi walete nakala za vitambulisho vya vijana hao kabla ya Ijumaa saa 10 jioni, na waweke alama kwa wanaonyoa tayari. Mwenye pingamizi aandike kwa jina lake, si kunong'ona kwenye kahawa.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi, Bariadi