Chuma Nacho Hulegea

Tunawasikia wengine hapa Mwanza wakidai kwamba ghorofa la chuma haliangushwi na moto, eti moto wa nyumba hauyeyushi chuma. Kweli, hauyeyushi. Lakini ni nani aliyesema lazima kiyeyuke? Mhunzi hukipinda kikiwa chekundu tu! Jambo hili si geni kwetu: wahenga wa Buhaya, ng'ambo ya Ziwa, walitengeneza chuma cha pua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Kikifika nyuzi 600 hivi, hubakiwa na karibu nusu ya nguvu zake. Jengo la Plasco mjini Tehran, ghorofa 17, liliporomoshwa na moto Januari 2017, askari wa zimamoto wakiwamo ndani. Enyi wenye majengo, tuonyesheni chuma chenu kimefunikwa na nini, na maji yatafikaje ghorofa ya juu, maana Ziwa liko huku chini.