Ngozi ya Sungura na Ngozi ya Mwananchi



Mwaka 1944 Mmarekani John Draize na wenzake walichapisha njia ya kupima kama kemikali inawasha ngozi au kuumiza macho. Sungura hunyolewa mgongoni, akapakwa dawa, kisha mtaalamu huandika alama za wekundu na uvimbe, na hurudi kumtazama baada ya saa 24, 48 na 72. Siku hizi vipimo vingi hufanywa kwa chembe hai za ngozi ya binadamu zilizokuzwa maabarani, na pH hutazamwa kwanza: kioevu chenye pH ya 2 au chini yake, au ya 11.5 au zaidi, kwa kawaida huhesabiwa kuwa kinaunguza.

Nasi tunauliza: nani alirudi baada ya saa 72 kando ya mto Tigithe?

Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara, wilayani Tarime. Wenye mgodi walisema wezi waling'oa plastiki ya bwawa. Wanavijiji walilalamikia vidonda vya ngozi na vifo vya mifugo. Tindikali hiyo si fumbo: mawe yenye salfa yakichimbuliwa na kukutana na hewa na maji, huizalisha yenyewe. Wataalamu walichota maji na matope, wakapima metali. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini chupa haina ngozi.

Wapo wanaosema wale wanaojikuna wana upele tu. Huenda baadhi yao wanao. Lakini upele huwasha zaidi usiku, hukaa katikati ya vidole, na huambukiza wanaolala pamoja; mwasho wa kemikali hukaa pale maji yalipogusa, na hupungua mtu akiyaacha. Tabibu mwenye daftari anaweza kutenganisha mambo haya mawili kwa wiki chache. Kumwita mgonjwa mchafu bila kumpima ni dharau, wala si sayansi.

Mei 2019 Serikali iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi. Faini hulipwa Serikalini. Haimtibu mtu jicho. Machi 2022, samaki walipokufa katika mto Mara, ambao hupita Serengeti kabla ya kufika ziwani, kamati ya Serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa ng'ombe, na watu wengi hawakuamini. Wataaminije, ikiwa sampuli huchukuliwa wao hawapo?

Jicho lililorukiwa na kemikali husuuzwa kwa maji safi mengi, dakika 15 au zaidi. Mwenye kunawa mtoni atayapata wapi?

Tunadai, basi, zahanati za vijiji jirani na mgodi ziandike kila mgonjwa wa ngozi na macho, pamoja na mahali anapooga. Kila sampuli igawanywe mara mbili, nusu ibaki kwa kijiji, na majibu yasomwe kwa Kiswahili katika mkutano wa hadhara. Kamati za maji zipewe karatasi za kupimia pH. Hazionyeshi arseniki wala sianidi, lakini tindikali zitaionyesha siku hiyohiyo, kabla mto haujaisomba.