Kosa la mpangilio katika mwongozo wa kompyuta si kosa dogo

Mwanafunzi akiandika insha na kusahau kuacha nafasi mwanzoni mwa aya, mwalimu humkata alama moja, na insha husomeka vilevile. Mazoea hayo yametufanya wengi wetu, walimu kwa wanafunzi, tuamini kwamba mpangilio wa maandishi ni urembo tu: ukiwapo ni vyema, ukikosekana hapana neno. Nathubutu kusema kwamba katika uwanja wa kompyuta imani hiyo ni potofu. Isitoshe, inatunyima sisi wa Kaptagat na viunga vya Eldoret nafasi ya kushiriki katika kutengeneza vyombo tunavyovitumia.

Nazungumzia miongozo ya programu huria. Hizi ni programu ambazo msimbo wake, yaani maagizo aliyoyaandika mtengenezaji, huwekwa wazi ili yeyote ausome, aubadilishe na kuugawa. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ni mojawapo. Mara nyingi mtumiaji wa programu za aina hii hana wakala wa kumwendea anapokwama. Mwalimu wake ni mwongozo, nao aghalabu huandikwa na watu wanaojitolea, baada ya kazi zao za mchana.

Hebu tuyatazame makosa yenyewe. Amri nyingi za kompyuta huhitaji vistari viwili vifupi vinavyofuatana. Ukurasa ukipangwa vibaya, vistari hivyo huunganishwa vikawa kistari kimoja kirefu. Macho hupendezwa, lakini amri huwa imekwisha kufa. Alama za kunukuu zilizonyooka zikipindwa kama zile za vitabuni, kompyuta huzikataa. Katika lugha ya Python, nafasi zinazoachwa mwanzoni mwa mstari ni sehemu ya sarufi; zikifutika ukurasani, programu nzima huvurugika. Mwandishi akisahau kufunga alama inayotenga amri na maelezo ya kawaida, sentensi za maelezo humezwa ndani ya amri. Nayo orodha ya hatua ikikatika katikati na kuanza kuhesabu upya kutoka moja, anayeambiwa arudie hatua ya 4 hajui arudie ipi.

Msomaji atatambua kwamba katika mifano hiyo yote hakuna neno lililokosewa tahajia wala hoja iliyopinda. Aliyeandika alijua alichokisema. Hata hivyo, mwongozo umepotosha, kwa sababu katika maandishi ya aina hii nafasi, kistari na nukta ni sehemu ya maana.

Je, anayeumia ni nani? Mtaalamu haumii, kwani huliona kosa, akalirekebisha kichwani na kuendelea na kazi. Anayeumia ni mgeni, hasa yule aliye mbali na mtu wa kumwuliza. Nimewaona wanafunzi wa shule moja ya upili wakiinakili amri kama ilivyoandikwa, pamoja na nukta iliyoponyoka kutoka kwenye sentensi, mara tatu mfululizo, kisha wakakata shauri kwamba kompyuta haikuumbiwa watu kama wao. Mwongozo ulikosea, nao wakajihukumu. Ni vijana wangapi wenye vipawa ambao tumewapoteza kwa njia hiyo, nao wamekwenda zao bila kujua kwamba hawakuwa na kosa lolote?

Wala tusidhani kwamba hayo ni mambo ya ng'ambo yasiyotuhusu. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kando ya barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kapsabet, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi rekodi za wagonjwa. Huduma kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, chini ya mpango wa AMPATH, zilipopanuka, ikadhihirika kwamba mfumo mkubwa zaidi ulihitajika. Kutokana na haja hiyo ukazaliwa mwaka 2004 mradi wa OpenMRS, programu huria iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Tangu hapo imeenea katika nchi nyingi, na KenyaEMR, iliyojengwa juu yake, imetumika katika mamia ya vituo vya afya vya humu nchini.

Maana yake ni kwamba programu inayojulikana duniani kote ina kitovu chake karibu nasi, na miongozo yake iko wazi kwa kila mtu. Msomaji wa miongozo hiyo aweza kuwa kijana aliyepewa kazi ya kuweka mfumo kwenye mashine ya zahanati, au karani anayejifunza kutunza nakala za akiba. Hatua moja ikifichika kwa sababu ya orodha iliyovurugika, huenda zikapotea rekodi za mgonjwa ambaye daktari wake anahitaji kujua alipewa dawa gani mwezi uliopita. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kusahihisha makosa haya hakuhitaji shahada. Aonaye kosa hutengeneza nakala ya ukurasa, hulirekebisha, kisha hulipeleka pendekezo lake kwa wasimamizi wa mradi pamoja na sentensi mbili tatu za kueleza kilichoharibika na kwa nini. Wasimamizi hulikagua, wakauliza maswali, na wakiridhika hulipokea. Jina la msahihishaji hubaki katika kumbukumbu za mradi. Mwanafunzi anayepitia njia hiyo mara moja hujifunza kusoma kwa makini, kutoa hoja kwa adabu na kuvumilia kukosolewa na mtu asiyemjua. Sioni zoezi la darasani linaloyafunza yote matatu kwa pamoja. Naye mwalimu wa lugha, aliyezoea kusahihisha madaftari hamsini jioni moja, ana jicho ambalo wahandisi wengi wangelitamani.

Wapo watakaosema kwamba hii ni kazi duni, na kwamba vijana wetu wafundishwe kuunda programu, si kuhamisha nukta. Nawajibu kwa mifano miwili. Wa kwanza ni Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, mmoja wa magwiji wa taaluma ya kompyuta. Mwaka 1977 hakuridhishwa na jinsi kitabu chake kilivyopangwa kwa uchapaji, akaamua kuunda mfumo wake mwenyewe wa kupanga maandishi, TeX, kazi iliyomchukua miaka. Aidha, kwa muda mrefu alimwandikia hundi ya dola 2.56 mtu wa kwanza kugundua kosa lolote katika vitabu vyake, hata liwe kosa la uchapaji. Gwiji hakuona haya kuhangaikia nafasi baina ya herufi.

Mfano wa pili tunao hapa hapa. Katika kambi ya mazoezi ya Kaptagat, Eliud Kipchoge, bingwa wa marathoni wa Olimpiki wa mwaka 2016 na wa michezo ya Tokyo mwaka 2021, amejulikana kwa kupokezana zamu na wenzake kufagia na kusafisha vyoo, na kwa kuandika mazoezi yake daftarini. Alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, walikuwapo wakimbiaji 41 waliopokezana kumwongoza. Hakuna Mkenya aliyesema kwamba kazi yao ilikuwa duni.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi, nami silipuuzi. Mwezi Oktoba 2020, shindano la kila mwaka liitwalo Hacktoberfest, lililoahidi fulana kwa wachangiaji, liliwafurikia wasimamizi wa programu huria mapendekezo yasiyo na maana: huyu ameongeza neno moja la sifa, yule amehamisha koma isiyokuwa na kosa. Watu wanaojitolea wakapoteza siku nzima wakikataa takataka, hata waandalizi wakalazimika kubadilisha kanuni shindano likiendelea, ili miradi iliyokubali kushiriki pekee ndiyo ihesabiwe. Tukiwahimiza wanafunzi wetu kuhesabu masahihisho kama wanavyohesabu alama za mtihani, tutawageuza kuwa kero.

Dawa ni kanuni moja rahisi: sahihisha tu ukurasa ambao umeufuata mwenyewe, hatua kwa hatua, hadi ukakwama. Aliyekwama anajua kosa liko wapi na linamdhuru nani. Ajabu ni kwamba jambo hili humpa mwanafunzi wa kijijini uwezo asio nao mtaalamu, kwani mgeni hukiona kile ambacho mwenyeji amekizoea hata hakioni tena.

Nawasihi basi walimu wenzangu wenye vyama vya kompyuta shuleni wachague mwongozo mmoja muhula huu, wanafunzi waufuate wawili wawili, waandike kila walipokwama, kisha wakubaliane ni pendekezo lipi linastahili kupelekwa. Vyuo vya ualimu navyo vifanye vivyo hivyo. Wala tusiishie kwenye Kiingereza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa Kiswahili, kikaonyesha kwamba lugha yetu haishindwi na kazi hiyo. Lakini programu hubadilika kila mwaka, na tafsiri isiyo na wasahihishaji huchakaa upesi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa za miongozo hii ziko wazi mbele yetu, na ruhusa ya kuziziba tumekwisha kupewa. Mwanafunzi atakayekwama kesho kwa sababu ya kistari tulichokiona leo tukakiacha atakuwa na haki ya kutuuliza tulikuwa tukisoma nini.