Mifupa ya Machinjioni Inahitajika Hospitalini

Ajali ya bodaboda inapousaga muundi, bamba la chuma hushika vipande vilivyosalia lakini halizibi pengo. Njia inayoaminika zaidi hadi leo ni kuchota mfupa wa mgonjwa mwenyewe nyongani, ila nyonga ina kiasi chake, na anayechotwa huuguza kidonda cha pili. Ndiyo maana wapasuaji hutumia pia viunzi vya kujazia. Bio-Oss, inayojulikana sana kwa madaktari wa meno, hutengenezwa Uswisi kwa mfupa wa ng'ombe. Tanzania, yenye mamilioni ya ng'ombe, haina sababu ya kubaki mnunuzi tu.

Takribani theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu ni madini ya kalisi na fosfati yaitwayo haidroksiapataiti. Sehemu kubwa ya yanayobaki ni kolajeni. Mfupa ukisafishwa mafuta na uboho, kisha ukatiwa kwenye tanuru la nyuzi 1,000 za Selsiasi, kwanza huwa mweusi tii kolajeni inapoungua, halafu hugeuka mweupe pepepe. Kinachosalia ni seramiki yenye vitundu vilevile vya asili, na thamani yote imo humo: vikizidi maikromita 100, seli na mishipa midogo ya damu hupenya na kujenga mfupa mpya kutani mwake. Kuunda vitundu vilivyoungana hivyo kwa unga wa kiwandani ni kazi ngumu, ng'ombe ameshaimaliza.

Wapo wanaohofia kichaa cha ng'ombe. Hofu hiyo ni ya haki, na joto peke yake lisiwe jibu: kila mfupa ujulikane umetoka kundi gani na daktari gani wa mifugo alimkagua mnyama. Wengine husema seramiki huvunjika upesi. Kweli, haiwezi kubeba uzito wa mwili peke yake, kwa hiyo tuanze na mataya na matundu yanayoachwa na uvimbe, si miguu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuna hospitali zinazokosa hata mabamba na viuavijasumu. Nakubali kwamba hakuna kiunzi kitakachoponya kidonda chenye usaha. Lakini uchunguzi wa usalama huchukua miaka, na kuusubirisha mpaka upungufu mwingine wote uishe ni kuwanyima wagonjwa wa kesho. Chuo Kikuu cha Sokoine kina wataalamu wa mifugo, Hospitali ya Muhimbili ina wapasuaji. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) iwaambie mapema ni vipimo gani itavidai, ili majaribio kwa wanyama yaanze.