Tabia ya Mtu Haisomwi Katika Kabila Lake

Posa iletwapo nyumbani, swali la kwanza la wazee wengi huwa: "Ni kabila gani?" Likijibiwa, hukumu hufuata papo hapo. Hao ni wakali; wale ni wavivu; hawa hupenda mno fedha. Kijana mwenyewe hata uso hajaonekana.

Je, kila jamii ina tabia yake?

Wataalamu wengi wa saikolojia huigawa hulka ya binadamu katika mafungu matano: uchangamfu, upole, bidii yenye utaratibu, wepesi wa kufadhaika, na moyo wa kupenda mambo mapya. Mwaka 2005 ulitangazwa utafiti uliofanywa katika tamaduni 49 za ulimwengu. Watu waliulizwa mtu wa kawaida wa taifa lao ana tabia gani, kisha majibu yakalinganishwa na tabia za watu wa taifa hilo zilivyopimwa mmoja mmoja. Hayakulingana. Ikiwa watu hukosea hata wanapojieleza wenyewe, sembuse wanapomweleza jirani?

Hata hivyo, tusiseme kwamba binadamu wote wametoka katika kalibu moja. Mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake walieleza habari za Watsimane wa Bolivia, watu waishio kwa kulima, kuwinda na kuvua. Walihojiwa watu wazima 632. Mafungu yale matano hayakuonekana. Yalijitokeza mawili tu, yaani wema kwa wenzao na bidii ya kazi. Yaelekea mazingira ya maisha nayo huchangia jinsi tabia zinavyofungamana.

Lakini zingatia jambo hili: fungu la bidii lisingeonekana kabisa kama Watsimane wote wangekuwa na bidii sawa. Hata katika jamii ndogo hiyo wamo wachapakazi, na wamo wategaji.

Basi, mzazi mwenzangu, uliza maswali yenye manufaa. Kijana huyu huwatendea vipi wadogo zake? Akianza kazi huimaliza? Akikopa hulipa? Akikasirishwa hufanya nini? Methali ya samaki mmoja kuoza na wote kuoza ni ya tenga la samaki. Tusiipeleke kwenye posa. Binti yako ataishi na mtu mmoja, mwenye jina lake na hulka yake. Huyo ndiye wa kuchunguzwa.