Tusiende Sanje Kuogelea Tu

Kila safari ya kiangazi inapokaribia, mjadala chamani ni uleule: twende Sanje au tubaki ufukweni? Sisi tunaoandika haya tunasema twende Sanje, ila tusiende kama tulivyokwenda mara ya mwisho.

Kwa wanachama wapya: Sanje ni maporomoko ya maji katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, mkoani Morogoro, iliyoanzishwa mwaka 1992. Maji hushuka kwa ngazi, jumla kiasi cha mita 170. Ndani ya hifadhi hakuna barabara za magari, ni miguu yako tu. Kupanda na kushuka huchukua muda wa saa nne hivi, na ukifika unaweza kuogelea katika maji baridi ya kukata pumzi. Kutoka juu unayaona mashamba ya miwa ya Kilombero yametandazwa kama mkeka.

Mara ya mwisho tuliomba mwongoza watalii anayejua Kiingereza, tukampata. Njia nzima alitupa maneno mawili matatu: mti huu, kima yule, jihadharini na utelezi. Tulipopumzika, akamgeukia kijana aliyetubebea chakula, wakaanza kuzungumza Kiswahili. Hapo maneno yakammiminika: mti upi ni dawa ya tumbo, bibi yake alikuwa akipita wapi na mzigo wa kuni. Sisi, wenye miaka mitatu ya Kiswahili darasani, tulikaa pembeni tukitega masikio. Hakuna aliyetunyima mazungumzo yale. Tulijinyima wenyewe.

Hasara hiyo si ndogo. Katika milima ile anaishi mangabey wa Sanje, kima asiyepatikana kwingine kokote duniani. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979, lakini wenyeji walikuwa wakimjua kabla ya hapo. Walichosubiri ni mtu wa kuwauliza.

Hata habari ya kuni za bibi ina uzito wake. Zamani wanavijiji waliruhusiwa kuokota kuni kavu ndani ya hifadhi kwa siku maalumu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikakoma. Hifadhi ina hoja yake, kwani msitu ndio unaolinda mito tunayoifurahia. Jirani naye ana chungu cha kupikia. Sisi tunaolipa kiingilio, tukaogelea, tukaondoka, tunapaswa angalau kuzisikia pande zote mbili, na lugha ya kuzisikilizia tunayo.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba wanaoanza kujifunza hawataelewa, na kwamba mambo ya usalama hayafai kubahatishwa. Hoja ya usalama tunaikubali: mawe yanateleza, na maji yana kina usichokiona. Lakini maneno ya usalama hayazidi kumi: simama, shika hapa, usiruke, kina kirefu. Yanafundishika kwa wiki moja. Na kila anayeanza atembee na mwenzake wa mwaka wa tatu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, tuombe mwongozaji azungumze nasi Kiswahili tangu lango la hifadhi hadi kurudi. Pili, walimu wetu watupe kipindi kimoja cha maneno ya msituni kabla ya safari: mizizi, magome, chanzo cha mto. Tatu, kila mmoja aandae maswali mawili, na majibu yachapishwe katika jarida hili.

Kuogelea tutaogelea, hakuna anayepinga hilo. Lakini safari hii tumwamkie mwongozaji, tumwulize habari za nyumbani, kisha tumwache aseme. Suala hili litafikishwa katika mkutano ujao wa chama. Tunawaomba mje mpige kura.